Maji Baridi

Damu haifuliwi kwa maji ya moto.
Wageni wa kazi hukosea hapo: huona doa, huchemsha,
na doa huiva, hukaa, huwa mali ya kitambaa.
Mimi miaka ishirini na sita chini ya jukwaa la kaskazini,
hapa Bytom, ambako theluji hutoka juu nyeupe
na kufika chini imeshavaa masizi,
nafua jezi za watu wanaogombana kwa mshahara.
Maji baridi. Chumvi. Subira.

Namba nne naijua bila kuigeuza mgongo.
Gerard Szołtysek, nahodha.
Mikono ya jezi yake hunirudia na majani,
na mara nyingi na damu isiyo yake.
Jukwaani humwita Nyundo. Watoto wamechora nyundo
kwenye kuta zote za njia ya tramu.
Baba yake alichimba makaa mita mia nane ardhini,
akatoka na kikohozi na neno moja tu: kaza.

Oktoba klabu ilileta mpiga picha.
Wachezaji kumi na mmoja, mikono kifuani,
jezi nilizozipiga pasi mwenyewe,
na chini yao maandishi manene: SEMA NA MTU.
Dakika kumi, kazi imekwisha.
Kisha nikamsikia kocha kupitia dirisha lenye mvuke:
Gerard, winga wao ana magoti laini,
mwonyeshe mapema.
Bango lilitundikwa karibu na choo.
Gerard akawa anaupita uso wake kila asubuhi
kama mtu anayempita mdai wake.

Novemba, mfukoni mwa suruali ya mazoezi,
nilikuta kadi, imeshalowa.
Daktari, Katowice, Alhamisi, saa mbili na nusu.
Tarehe ilikuwa imepita.
Niliianika juu ya bomba la joto, nikairudisha ilimokuwa.
Hakuniuliza. Sikumwuliza.
Huku kwetu tunajua kunyamaza
kama wengine wanavyojua kuogelea.

Dakika ya sabini na moja, wageni kutoka Opole.
Kijana wa miaka kumi na tisa, Ksawery.
Mpira ulishaondoka.
Nasema tena: ulishaondoka.
Mfupa ulisikika mpaka kwangu, au labda
ni mashine iliyobadili mzunguko.
Watu elfu saba walisimama wakaimba jina lake.
Kadi nyekundu ilipotoka, wakaimba zaidi.

Alinijia na njumu zake miguuni,
akaketi juu ya kapu la mataulo,
vidole vikimtetemeka kama vya mtu
aliyetoka kushika drili siku nzima.
“Bi Truda,” akasema, “yule mtoto sikumwona.
Nimebeba kitu tangu kiangazi,
nikaona mahali pa kukitua.”

Nilitaka kumzaba kofi.
Nilitaka kumfunika taulo.
Nikamwambia: vua jezi.
Nikafungua maji baridi, akasimama kando yangu,
akasugua doa ambalo, safari hii,
hatukujua ni la nani.

Alikwenda Opole mara mbili.
Mara ya kwanza mama wa kijana alimfungia mlango.
Ya pili hajanisimulia.

Januari aliomba dakika tano mbele ya wenzake.
Nilikuwa mlangoni na soksi zao.
“Silali,” akasema. “Nikiingia uwanjani nashukuru,
maana pale kupiga kunaitwa kazi.”
Mmoja alicheka. Kocha akatazama saa.
Golikipa, Lubomir, alifunga kamba za viatu
akazifungua, akazifunga,
mpaka chumba kikabaki na watu wawili.

Jezi bado zinakuja na damu.
Sikudanganyi: Jumamosi iliyopita zilikuwa nne.
Ila leo, nikipekua mifuko kabla ya kufua,
nimekuta kadi tatu, suruali tatu tofauti.
Nimezipanga juu ya bomba la joto,
majina yameelekea chini,
nami nimegeukia dirisha
mpaka zikauke.