Jiwe la Mbabula

Walipofunga nyumba ya Himbi na gari jeupe likashuka
kuelekea mpaka, waliniachia mimi sentineli
funguo mbili, mshahara wa nusu mwezi,
na nyuma ya tangi la maji, bila neno, sanduku la kioo
lenye ufa. Ndani yake mjusi.

Si mjusi wetu wa ukutani, wala kinyonga wa kutemewa mate.
Huyu mpana kama kiganja cha mwashi, rangi ya mchanga
ambao Goma hatuna (wetu ni mweusi),
na shingoni miiba, ndevu za mtu aliyesahau wembe.
Mifupa ya nyonga imechomoza. Macho yamezama
kama ya mtoto aliyeharisha siku tatu.

Nzigire alisema: Ndani ya nyumba yangu, hapana.
Kisha akasema: Hapo pembeni. Usiku mmoja.
Masika, wa miaka saba, hakusema kitu.
Alikwenda kutafuta panzi.

Mgeni wa jua, na mji huu usiku una baridi.
Ziwa linapumua, na umeme wa Majengo
ni habari unayosimuliwa na wa ng'ambo ya barabara.
Taa yake ilikuwa imekufa kama jicho la ndagala.
Basi nikatoka uani, nikachagua jiwe.

Mawe hatununui. Mlima ulitupakulia mpaka mlangoni,
ukaula mlango wenyewe, na cherehani ya mama,
na picha yake pekee.
Ukuta tumeujenga kwa kilichotubomolea.
Nikaliweka jiwe juu ya mbabula, kwenye makaa ya mwisho ya maharagwe,
nikalipima kwa mgongo wa mkono, kama unavyopima uji wa mtoto,
nikalifunga kipande cha kitenge, nikamwekea.
Alilipanda polepole, akajitandaza
kama chapati.
Niliamka mara tatu kubadilisha jiwe.
Nzigire akageuka kitandani:
Mimi nilipojifungua, uliamka mara ngapi?
Sikujibu. Hesabu aliijua.

Siku nne hakula. Lengalenga zikanyauka.
Panzi akampanda kichwani, akakaa, kama mpangaji.
Nikamwogesha kwenye beseni, maji ya vuguvugu.
Ngozi ya zamani imembana vidoleni kama uzi;
mkono unataka kuvuta. Usivute.
Loweka. Subiri. Loweka.
Tone moja puani, na ulimi ukatoka, wa waridi, ukarudi.
Masika akapiga kelele, jirani akadhani tumepata umeme.

Tena kulikuwa na hili: kila niliposogea
aliinua mkono mmoja, akauzungusha hewani, akaushusha.
Anasalimu! Nasi tukawa tunampungia,
watu wazima, asubuhi, miswaki mdomoni.
Mpaka siku paka wa Mama Vumilia alipopita kizingitini,
akamwinulia paka mkono uleule, polepole.
Akamwinulia kunguru.
Akauinulia ufagio.

Nikaacha kupunga.
Mkono huo naujua. Niliuinua mimi, njia ya Sake,
mbele ya kamba iliyovuka barabara
na vijana wenye bunduki ndefu kuliko wao:
mkono usioshika kitu,
mkono unaosema mimi mdogo, sina neno.

Wiki ya tatu. Nzigire, ambaye usiku wake mmoja haujaisha,
anatwanga maganda ya mayai kwenye kinu cha pilipili.
Ya mifupa yake, anasema, bila kuniangalia.
Jua la saa sita limeupasha ukuta mweusi. Tumemweka pale,
kamba kiunoni, ncha yake mkononi mwa Masika.
Nyenje anatembea. Shingo inageuka.
Kacha.
Miguu miwili inaning'inia mdomoni.

Nami, kwa mazoea, nikamwinulia mkono.
Hakunijibu.
Alikuwa anatafuna.