Pakiti Tatu za Sukari

Saa kumi na mbili na robo, Ipoh.
Homa imeniamsha kabla ya simu.
Siku ya nne hii nahesabu matairi kwenye ghala la watu,
na tumbo limegoma, halitaki mchuzi wala mjadala.
Nikasema: leo naenda ninapopajua,
kwa yule jogoo wa bango jekundu
anayecheka miji yote sawasawa
kana kwamba hajui kinachouzwa ni yeye.
Nile mkate na nyama, nisifikirie kitu.

Mlangoni cheti cha halali
kimetundikwa juu kuliko jogoo.
Ndani, baga zimo, ila zimesukumwa pembeni ya ubao
kama wageni waliofika karamuni chakula kimekwisha.
Katikati, picha kubwa kuliko zote:
bakuli.
Nikakaza macho.

Uji!
Kampuni iliyovuka bahari na mkate wa duara
imefika hapa, imekuta watu wanaamka na mchele uliopondeka,
nayo, kama wote waendao kwa wenye chongo,
imefumba jicho lake moja
ikaagiza mabakuli.

"Apa khabar," akasema dada wa kaunta,
Rohayu, kwa mujibu wa kifua chake.
Nami, na homa yangu, nikasikia habari,
nikajibu: "Nzuri."
Akacheka. Jibu hakulielewa,
lakini alijua amejibiwa.

Mchele umechemka hadi umesahau kuwa ulikuwa punje.
Juu yake tangawizi, nyuzi nyuzi,
vitunguu vya kukaanga, pilipili nyekundu,
na vipande vya jogoo mwenyewe.
Chumvi. Chumvi tupu.

Sasa mimi nimelelewa hivi:
ukiugua, uji;
ukipata nafuu, uji mzito kidogo;
na sukari mama hakuipima, aliimwaga
mpaka mgonjwa aseme basi.

"Sukari," nikasema.
Rohayu akaleta chumvi.
"Sukari." Akaleta karatasi za kupangusia mdomo.
Nikakoroga hewa kwa kidole. Akaleta kijiko.

Ndipo mzee wa meza ya dirishani,
Thanabalan, mstaafu wa reli, akainua kichwa:
"Sarkkarai! Anataka sarkkarai!"
Nikageuka kama mtu aliyeitwa
kwa jina lake la utotoni.

Zikaja pakiti tatu. Nikazichana zote,
nikamwaga juu ya tangawizi, juu ya pilipili, juu ya kuku.
Duka likanyamaza.
Mpishi akachungulia kidirishani.
Thanabalan akashika tama
kama anayetazama behewa likiacha reli.

Ladha? Nisiseme uongo.
Kuku, pilipili na sukari bakuli moja
ni mawifi watatu jiko moja.
Nikala kwa kiburi, nikakwangua,
jasho likanitoka,
na homa, nadhani kwa aibu, ikatoka nalo.

Mzee akasogeza kiti.
"Walipofungua," akasema kwa Kiingereza cha polepole,
"uji wao haukuwa hata na tangawizi. Ulikuwa gundi.
Tukalalamika. Wakatia tangawizi.
Tukalalamika, wakatia vitunguu.
Mimi bado nalalamika, kila asubuhi, hapa hapa,
kwa sababu wana kiyoyozi."
Akalitazama bakuli langu tupu, kwa huruma.
"Lalamika na wewe. Lakini si kwa hilo. Tafadhali, si kwa hilo."

Nikarudi ghalani.
Matairi mia nne na kumi na mawili,
mawili hayaonekani, na hakuna anayejua lolote.
Jioni nikatoa risiti mfukoni niiambatanishe na hesabu za safari.
Nyuma yake, kwa kalamu ya buluu,
mtu amejifunza neno, akaliandika lisimpotee,
herufi kubwa, na kosa moja:
SUKARE.
Kisha akasahau, akanipa mimi.