Mashimo ya Sato, Luchelele

Saa moja asubuhi, upepo haujaamka,
narusha ndege nyuki juu ya ghuba.
Inalia kama nyigu aliyefungiwa koponi.
Watoto wanaifuata hadi maji yawafike magotini;
nawasihi warudi: tope la mguu mmoja
huniharibia mita tano za mchanga.

Mita themanini juu. Picha mia nne na kumi na mbili.
Betri tatu; ya nne imevimba.

Usiku, Nyegezi, chini ya feni isiyozunguka,
naziunga kama fundi wa viraka:
hapa mawe, meupe kwa kinyesi cha minandi,
hapa mafunjo, hapa gugu maji
lililohama tangu Jumanne bila kuaga.
Kila rangi naipa jina. Nyeusi ni kina,
na kina hakisomeki: kamera huona
hadi pale mkono wangu ungezama begani,
zaidi ya hapo ni habari za kamongo.

Na katikati ya mchanga, mashimo.
Duara kwa duara, kama sinia zilizoanikwa.
Dume alichimba kwa mdomo, akafagia, akangoja;
jike akaja, akayabeba mayai kinywani
akaondoka nayo kama siri.
Nimehesabu mia mbili na sita.
Chai imepoa nikiwa kwenye tisini.

Nilimwonyesha Nyanjige, muanika dagaa wa mwaloni.
Akacheka. "Hayo? Nayajua kwa nyayo.
Ukikanyaga palipo laini, unaomba radhi, unapita."
Kisha akafuta kioo cha simu kwa khanga yake:
"Na wenye makokoro, nao wataiona hii ramani?"

Picha ya mia tatu na kumi na saba:
mkwaruzo mrefu, kutoka mashimoni hadi ufukweni.
Mashimo ishirini na tisa hayapo.
Kwenye ncha ya mkwaruzo, mtumbwi.
Navuta karibu. Ubavuni, kiraka cha bati la bluu
nililolishika mimi, kwa mikono hii, mwaka juzi,
kaka yangu Masanyiwa akigongomea misumari.

Ada yangu ya chuo ilinukia samaki.
Sikuwahi kuuliza ni wa nyavu gani.

Kompyuta inangoja nichague:
mchanga, mawe, mafunjo, maji, mengineyo.
Kishale kinapepesa, kinapepesa.
Mvua imeanza kupiga bati; kesho ziwa litakuwa uji,
hakuna kurusha.

Napiga simu.
"Umelala?"
"Bado. Nashona wavu."
"Matundu yake inchi ngapi, kaka?"

Kimya. Halafu nasikia uzi
ukivutwa, ukikazwa,
ukivutwa tena.