Kabla Hujaligusa Faili, Arsenio

Nimekutumia nyumba ya mama.
Imo ndani ya faili moja, uzito wake kama picha tatu za harusi.
Babu angecheka: yeye yake aliihamisha
kwa jozi kumi na mbili za maksai,
kutoka ufukwe wa Curaco hadi huku juu, majirani wakisukuma.
Mimi naiburuta kwa kidole, chai ikipoa.

Lakini sikiliza kwanza,
maana nakujua: mkono mbele, akili nyuma.

Usiniambie "chumba kama cha Shangazi Rudelinda".
Kompyuta haimjui Shangazi Rudelinda.
Chukua tepu, piga magoti,
pima hadi kona yenye utando wa buibui, kisha rudia,
na ile tofauti ya vidole viwili usiifiche, iandike.
Ukuta mkongwe haujawahi kunyooka;
skrini ndiyo inayousingizia.

Tazama vizio kabla ya mstari wa kwanza.
Mimi niliandika elfu tatu nikidhani ni milimita, kumbe sentimita,
nikapata jiko la mita thelathini
na choo cha kuendea kwa baiskeli.

Ukuta si mstari, ndugu yangu. Ukuta una mwili:
mbao nje, sufi ya kuzuia baridi, mbao ndani.
Upe unene wake mapema,
la sivyo utaujua siku kitanda kitakapokataa kuingia
kwa upungufu wa kiganja.

Mlango nao usiubandike kama kifungo kwenye shati.
Fuata ule upinde wake mdogo, uone unakofungukia.
Wa bafu niliufungulia ndani, ukagonga sinki;
nikaufungulia nje, ukampiga kumbo anayeshuka ngazi;
nikahamisha bawaba kushoto, nyumba nzima ikapumua.

Bafu na jiko nimeyapa mgongo mmoja
ili mabomba yashuke pamoja.
Usiyatenganishe eti umeona picha nzuri mahali.
Bomba refu ni pesa ndefu,
na usiku wa Julai huganda.

Na kaskazini! Igeuze dira ya programu.
Walioitengeneza wanaishi upande ule wa dunia
ambako jua hupita kusini.
Letu hupita kaskazini, likipita.
Dirisha la mama linatazama huko.

Hifadhi. Hifadhi kabla ya kahawa na baada ya kahawa.
Kila nakala ipe tarehe, usiiite "mwisho":
tayari ninayo mwisho, mwisho kabisa, na mwisho wa kweli,
na katika zote tatu hamna ngazi.

Usilewe na picha ile ya kutembea ndani,
sakafu inang'aa, bakuli la ndimu mezani,
mwanamke mwembamba asiye na uso kasimama dirishani.
Mama ni mnene na ana goti bovu.
Pima kiti chake, pima kitanda chake, uvichore vilivyo,
kisha acha nafasi ya mtu kupita na ndoo.

Jambo moja halimo.
Nimepekua orodha yote ya samani:
wana beseni za mapovu, wana piano,
wana mashine ya kukimbia bila kufika popote.
Jiko la kuni hawana.
Nimechora kisanduku cheusi, nikaandika HAPA.
Usikiguse.

Jumamosi nilichapisha ramani,
nikaenda kiwanjani na vigingi na uzi wa nailoni,
nikaitandaza nyumba juu ya nyasi kwa ukubwa wake halisi,
mvua ikininyeshea shingoni.
Mama akaja na viatu vyake vya mpira.
Hakuuruka uzi.
Alizunguka hadi penye mlango,
akapangusa miguu kwenye nyasi ileile,
akapita ukumbini, akafika HAPA,
akanyoosha mikono yote miwili,
akaigeuza, huku na huku,
mpaka ikakauka.

Kisha akasema mlango wa jikoni ni mwembamba.
Nimeupanua sentimita kumi.
Nakala ya tarehe kumi na nne.
Fungua hiyo.