Kwato za Mwaka wa Pili

Naryn, theluji imeanza kulegea.
Joldosh ameshika hatamu, anapiga miayo;
mimi nimeinama, mguu wa farasi mapajani,
nachokoa matope, samadi, kijiwe cha mtoni.

Peku huyu. Haujui msumari.
Ukwato wa kushoto umetandaa kama sahani,
wa kulia umesimama wima, kisigino kirefu,
kikombe kilichofudikizwa.

"Kata," asema Joldosh, "vilingane."
Tupa ninayo. Sikati.
Namlegezea kamba aende malishoni
nimwone: shingo fupi, miguu mirefu mno,
hafikii nyasi mpaka atangulize wa kushoto,
kila mara wa kushoto,
kama mtu abishaye mlango uleule.

Basi ukwato haukukosea.
Umeandika alivyokula.

Napitisha tupa mara tatu, ukingoni tu,
pale ncha ilipoanza kupasuka.
Mengine tutakiomba kilima, na miezi.

Usiku navua mabuti.
Soli ya kulia imelika upande wa nje,
ya kushoto bado ina meno yake yote.
Joldosh anaona. Hasemi kitu.
Anayasogeza karibu na jiko, yakauke.