Kuanika

Ilianza na tangazo la Nyamweya, msimamizi wa ploti,
kwa makaa, ukutani, ghorofa ya pili, Huruma:
"Maji Jumanne. Mungu akipenda, na kampuni pia ikipenda."
Tukacheka. Kisha tukawa tunalinukuu
tukipishana ngazini na mitungi mitupu,
hadi mtoto wa chumba cha tisa akalikariri
kabla hajaijua Baba Yetu.

Ndipo Mumbua wa kioski akasema, kama anayekiri kosa:
mimi pia huandika.
Akafunua daftari la madeni.
"Baba Kioko, unga kilo mbili. Macho mekundu. Nisimdai kesho."
"Naliaka, sabuni kipande. Amepata kazi! Hii ni bure."

Miaka sita tumekopa pale
tukidhani tunaandikwa pesa tu.

Jumapili ile tukapanda paani.
Kamba ni zile zile za nguo, vibanio vya kuazima.
Kati ya nepi na sare za shule tukaanika karatasi:
orodha ya soko yenye doa la mafuta,
barua ya kuomba radhi ambayo haikupelekwa,
kumbukumbu za chama, ajenda ya nne, "Mengineyo",
yaani ugomvi wa sufuria,
na ukurasa wa Halake, askari wa usiku:
"Saa nane. Paka.
Saa tisa. Paka yule yule.
Saa kumi. Nimemkumbuka mama."

Hapo hakuna aliyecheka.
Upepo ulimgeuzia ukurasa,
ukasoma na upande usioandikwa.

Wewe usiniambie hujui kuandika.
Nani alibandika kwenye kifuniko, "Nyama imehesabiwa"?
Nani alichora namba ya mtu kiganjani
akala kwa kijiko siku mbili, asinawe?
Lete hicho. Hicho hicho, na makosa yake,
hata kile kikaratasi cha "natafuta mahari pa kukaa".
Tumekuelewa. Karibu ukae.

Mimi nilileta risiti ya tokeni ya stima;
nyuma yake mistari miwili
niliyoificha tangu Machi.
Naliaka aliisoma mara mbili, akanitazama,
akaongeza kibanio.

Halafu wingu likainama juu ya Mathare.
Mvua! Tukaanua mbio,
nguo na maneno kifuani pamoja,
soksi ya mtu ndani ya barua ya mtu.

Usiku karatasi ilipenyezwa chini ya mlango wangu,
penseli, hati ya mtoto wa chumba cha tisa:
"Maji yamekuja. Kampuni haijui."