Haja Ndogo

Wanaiita haja ndogo.
Aliyeipa jina hilo hakuwahi kuamka mara saba
hapa Newala, mwezi wa saba,
baridi ya uwanda ikipenya chini ya mlango wa choo,
umeegemea ukuta kwa kiganja,
unasubiri kama mkulima anavyosubiri malipo ya mnada:
yametoka, yapo benki, hayajaingia.

Halafu tone.
Halafu tone.
Unarudi kitandani, shuka halijapata joto,
inaita tena.

Jandoni nilifundishwa mengi juu ya kiungo hiki,
kwa nyimbo na kwa fimbo.
Hakuna aliyesema kitazeeka.

Chilumba alisema ni kiuno.
Tukamchua kiuno miezi minane, kwa mafuta ya nyonyo,
mpaka siku njia ilipoziba kabisa
akapakiwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati yetu,
akitoa sauti ambayo sikujua mwanamume anayo.

Mpwa wangu Saidina akatuma kifurushi kwa basi:
kichupa cha vijiti vya kupimia, karatasi yenye mistari,
na jagi la plastiki lenye namba ubavuni.
Somoe akalisifu lile jagi. Akataka kulitilia uji.
Ikabidi niseme, nikasema nusu.

Nilichovya kijiti. Nikahesabu mpaka sitini.
Nikalinganisha rangi zake na za kwenye kichupa
kama karani wa chama anavyopasua korosho:
hii nyeupe, hii imeliwa, hii weka kando.
Damu, hakuna. Sukari, hakuna.
Nikakaa juu ya ndoo nikacheka peke yangu.
Miaka arobaini wengine ndio wananipimia;
leo mizani ninayo mimi.

Daktari alikuwa Mtwara mjini, mimi ghalani,
kati ya mifuko ya salfa,
maana dirisha lile ndilo linaloshika mtandao
na mlango ule ndio wenye komeo.
Jina lake Kokubanza. Umri wake, mjukuu wangu.
Nikaielekeza simu kwenye mabati,
akaongea na paa langu kwa adabu zote.

"Usiku unaamka mara ngapi, baba?"
"Mbili," nikasema. "Tatu, nikinywa chai."
Nje ya mlango sauti ikasema: "Saba!"
Kimya.
"Jumatano ilikuwa tisa."

Mtandao ukakwama, daktari kaachama nusu,
nikaomba ukwame hivyohivyo mpaka Ramadhani.
Uliporudi akauliza, "Huyo ni nani?"
Nikajibu. Akasema, "Mfungulie."

Somoe akakaa juu ya gunia, akamweleza yote:
harusi za mbali nilizozisingizia mguu,
msikitini ninavyokaa safu ya mwisho, karibu na viatu,
safari ya Masasi niliyoshukia njiani
nikarudi kwa miguu, suruali imefungiwa sweta.
Nilikaa nikisikiliza maisha yangu
yakisimuliwa na mtu niliyedhani amelala.

"Huenda ni tezi tu, inakua na umri," daktari akasema,
"lakini sibashiri kwa simu.
Endelea kupima na kuandika siku tatu, kisha njoo.
Tutachukua damu. Na nitapima kwa kidole."
Alilitaja neno hilo kama mtu anayetaja kijiko.

Ndipo nikaigeuza simu, akaniona uso.
Kama ndiko tunakoelekea, mimi na yeye,
basi na tuanze na uso.

Usiku huu ni mara ya nne.
Naliinua jagi kwenye mwanga wa tochi, nasoma mstari.
Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye msumari wa mlango.
Narudi kwa ncha za vidole, kama mwizi,
kama miaka yote.

Gizani: "Ngapi?"
"Mia na ishirini."
"Umeandika?"
Nasimama. Nageuka.
"Nenda kaandike," anasema, na kunishikia shuka wazi.